Hatia ya Aliyefika Salama

Kuna makosa ambayo jirani huyaona kabla ya mwenyewe, na kuna makosa ambayo mwenyewe huyajua peke yake. Nguo iliyoraruka huonwa na kila mpita njia, na aibu humhimiza mwenye nguo kuishona. Lakini nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa, na breki ya gari inayovuja, hazina mtu wa kuzicheka. Ubovu wake hukaa gizani pamoja na mwenyewe, naye hukaa nao siku nyingi kwa amani. Katika insha hii nataka kuuliza swali juu ya makosa ya namna hii ya pili. Ikiwa mtu alijua ubovu wa kitu chake, akaupuuza, na kwa bahati njema asidhurike mtu yeyote, je, mtu huyo ana hatia? Nitajaribu kulijibu kwa kisa changu mwenyewe, maana si vizuri kumhukumu mwingine kwa kosa ambalo mimi nimelitenda.

Babu yangu aliniachia gari aina ya Volkswagen lililoundwa mwaka wa 1965, lile lenye umbo la kobe na injini nyuma. Vijana wa leo huliona kuwa kitu cha kuchekesha, lakini zamani lilikuwa na heshima kubwa katika nchi zetu. Magari ya aina hiyo yalishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka wa 1954, mwaka wa 1957 na tena mwaka wa 1962, katika vumbi na matope yaliyoyashinda magari makubwa zaidi. Viwanda viliendelea kuyaunda hata mwaka wa 2003, yakiwa yamezidi milioni 21 duniani. Babu alilinunua lake likiwa limekwisha tumika, akalitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Alikwenda nalo sokoni Karatina, na harusini hata Nanyuki na Meru. Na kila Jumamosi aliliosha kwa maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe. Alipofariki, wazee wa nyumba yetu walikubaliana nipewe mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimshikia taa alipolitengeneza usiku.

Ili msomaji anifuate vema, yafaa aelewe kwanza jinsi breki za gari hilo zifanyavyo kazi. Dereva akanyagapo pedeli, fimbo huisukuma pistoni ndani ya pampu kuu iliyojaa mafuta ya breki. Mafuta hayo hayakubali kushindiliwa. Kwa hiyo nguvu iliyotiwa mahali pamoja husafiri katika mabomba membamba na kufika katika magurudumu yote manne. Kanuni hii ilielezwa na Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi katika karne ya 17, kabla gari lolote halijaundwa. Ndani ya kila gurudumu mna silinda ndogo. Mafuta huzisukuma pistoni zake, nazo huvisukuma viatu viwili vya breki vikaibana ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Penye kila pistoni pana mpira mdogo, usiozidi sana upana wa sarafu, unaozuia mafuta yasitoke. Basi uzito wote wa gari, na roho za waliomo, na roho za walio mbele yake njiani, hutegemea vipande vichache vya mpira ambavyo hakuna avionaye.

Tena gari la mwaka ule lilikuwa na pampu yenye chumba kimoja tu. Magurudumu yote manne yalikunywa katika kisima kimoja, na kisima kikikauka, yote manne yalipatwa na kiu kwa pamoja.

Mpira huzeeka kama viumbe wote wazeekavyo. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo hutia kutu ndani ya silinda. Kutu huukwaruza mpira, na mpira uliokwaruzwa huvuja. Kwetu Nyeri, ambako ukungu hushuka kutoka milima ya Aberdare na mwezi wa Julai hupita siku nyingi bila jua, unyevu si mgeni. Mimi niliona kwanza alama nyevu upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Nikanunua chupa ya mafuta, nikaongeza. Baada ya majuma mawili nikaongeza tena. Pedeli ikaanza kushuka. Nikajifunza kuipiga mara mbili kabla haijashika, halafu mara tatu. Nilifika hata kujisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba gari lile halimtii mtu mwingine ila mimi. Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu, nami sasa naelewa taabu hiyo ni ipi: mtu huacha kuuona ubovu, akauita tabia ya kitu. Kila nilipomimina chupa mpya nilijihesabu kuwa nimetengeneza breki, kumbe nilikuwa nimeahirisha tu. Na katika miezi hiyo, mvua iliponyesha, niliwapakia wanafunzi wangu nikawafikisha makwao, na wazazi wao wakanishukuru.

Siku moja katika mwezi wa Julai nilikuwa nikitoka Nyeri kwenda Othaya. Barabara ile huteremka kwa mapindi hadi mto Gura, mto unaosifika kwa kasi ya maji yake. Nilipokuwa katikati ya mteremko niliwaona watoto wa shule wakivuka barabara chini yangu, kundi zima, wamevaa sweta na kubeba mifuko mgongoni. Nikapiga pedeli mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ikashuka hata ikagusa sakafu, ikabaki hapo. Nikashusha gia mpaka injini ikalia, nikavuta breki ya mkono, ambayo huvutwa kwa waya na haiyategemei mafuta, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo uliokuwa kando ya barabara. Likakwaruza, likayumba, likasimama. Watoto walikuwa mbele yangu hatua chache. Mmoja wao, mvulana mdogo, akanipungia mkono, akidhani kuwa nimesimama kwa hiari ili kuwapisha. Kisha wakaenda zao wakicheka.

Nilikaa pale muda mrefu, mikono ikinitetemeka. Ile shukrani ya mtoto ndiyo iliyonitia uchungu kuliko hofu yenyewe.

Sasa turudi katika swali letu. Sauti ya kwanza iliyosema moyoni mwangu ilikuwa sauti ya faraja. Ilisema, “Hakuna aliyeumia. Mahali pasipo na jeraha hapana mkosaji. Mshukuru Mungu, ukatengeneze gari, usahau.” Sauti hiyo ina hoja yenye nguvu, na dunia kwa kiasi kikubwa huifuata. Sheria za Kenya, kama za nchi nyingi, humwadhibu aliyesababisha kifo barabarani kwa uzito zaidi kuliko yule aliyekutwa na breki mbovu tu. Majirani nao hufanya vivyo hivyo: humkwepa aliyeua, bali humcheka tu aliyeponea chupuchupu.

Lakini fikiri, ewe msomaji, juu ya madereva wawili. Wote wawili wana breki zinazovuja, wote wawili wanajua, na wote wawili wameahirisha kuzitengeneza. Wote wawili wanateremka mlima siku moja. Mbele ya mmoja barabara ni tupu. Mbele ya mwingine kuna mtoto. Je, yule wa kwanza ni mtu mwema kuliko yule wa pili? Hakumwondoa mtoto barabarani yeye. Kilichomtenga na mwenzake ni bahati, na bahati si sifa ya mtu. Mwaka wa 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya fumbo hili, na miongoni mwa mifano ya Nagel ulikuwamo mfano wa dereva wa lori asiyepeleka breki zake kukaguliwa. Walionyesha jinsi lilivyo gumu: akili hutuambia kwamba mtu ahukumiwe kwa yale yaliyo katika uwezo wake, na huku mioyo yetu humhukumu kwa matokeo ambayo hayakuwa katika uwezo wake.

Mimi naona hivi. Yule aliyeua amebeba mzigo wa huzuni ambao mwenzake hana, na ni haki aubebe. Kwani mama wa mtoto hawezi kuambiwa kwamba kilichotokea ni bahati tu. Lakini uovu wenyewe, yaani ule uamuzi wa kuahirisha, ni mmoja kwa wote wawili. Ulitendwa kabla ya mteremko, siku ile mtu aliposimama na chupa mkononi, akaona ulowevu, akasema moyoni mwake, “Juma lijalo.” Hatia huanza palipoanza kujua. Kwa hiyo aliyefika salama ana hatia, ingawa hana maiti. Na kwa kuwa hakuna wa kumshitaki, ni wajibu wake kujishitaki mwenyewe.

Sisi tunaoishi kando ya Mlima Kenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa upande wa pili. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru liliacha barabara penye mteremko wa daraja la Nithi, katika njia ya kwenda Embu, likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mara baada ya ajali kushindwa kwa breki kulitajwa, na mteremko ule pia ukalaumiwa, maana ulikuwa umekwisha ua watu wengi kabla ya hapo. Simtaji mtu wa kumhukumu. Nasema tu kwamba kila nisikiapo jina la Nithi, namkumbuka yule mvulana aliyenipungia mkono.

Gari langu lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya kibanda cha mabati mjini Nyeri. Aliliinua kwa jeki, akaifungua ngoma ya gurudumu la nyuma. Hakulipuliza vumbi lililokuwa ndani, bali alilifuta kwa kitambaa kilicholowa maji, akanieleza kwamba viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Kiatu kilikuwa kimelowa mafuta, cheusi na chenye utelezi.

“Mwalimu,” akasema, “ulikuwa ukiongeza?”

“Nilikuwa nikiongeza, mzee.”

“Na yale uliyoongeza ulidhani yanakwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Akaniambia kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kuongeza mafuta. Hiyo aliitaja, alisema, kwa sababu wateja wengi huipenda. Ya pili ni kubadilisha mipira, silinda na mabomba yaliyooza, ili breki zirudi kuwa kama zilivyotoka kiwandani. Ya tatu ni kutengeneza kupita ilivyokuwa: kuondoa pampu ya chumba kimoja na kuweka ya vyumba viwili, hata njia moja ikipasuka, nyingine ibaki na mafuta yake; na katika magurudumu ya mbele kuweka breki za sahani badala ya ngoma. Ngoma ikipata moto hutanuka ikakimbia viatu vyake, lakini sahani hukaa wazi hewani ikapoa upesi. Breki za sahani zilijulikana sana tangu mwaka wa 1953, gari la Jaguar liliposhinda nazo mbio za Le Mans huko Ufaransa. Na Marekani iliamuru magari madogo yaliyoundwa kuanzia mwaka wa 1968 yawe na breki za njia mbili. Njia hii ya tatu ilikuwa na gharama ya karibu mishahara yangu miwili.

Hapo lilizuka swali la pili, na aliyelizusha ni baba mdogo. Alikuja kwa fundi, akatazama, akatikisa kichwa. “Mwanangu,” akasema, “rudisha kama vilivyokuwa, inatosha. Gari hili ni ukumbusho wa baba yangu. Ukiondoa hiki leo na kile kesho, mwisho tutabaki na jina tu.”

Maneno hayo si ya kudharauliwa. Wayunani wa kale waliitunza meli ya shujaa wao Theseus, na kila ubao ulipooza waliubadilisha, hata wenye hekima wakabishana kama meli ile ni ileile au ni nyingine. Vitu vya wazee wetu hubeba kumbukumbu, na mtu anayevigeuza ovyo hufuta asichoweza kuandika tena. Nilikuwa karibu kukubaliana na baba mdogo, na nakiri kwamba zile fedha mbili za mshahara ziliniongezea heshima kwa hoja yake.

Aliyetukata kauli ni fundi, wala hakutumia maneno mengi. Aliinua kiti cha nyuma, akatuonyesha betri. “Gari la mwaka huu lilitoka kiwandani na umeme wa volti 6,” akasema. “Hili lina volti 12. Nani aligeuza?” Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Akakumbuka kwamba babu ndiye aliyeamuru igeuzwe, baada ya kulalamika kwamba taa za mbele zilikuwa hafifu, na kwamba usiku wa ukungu karibu amgonge mtu aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Basi babu mwenyewe hakulitunza gari kwa kulinda kila kipande chake. Alilitunza kwa kulisahihisha kila alipojifunza jambo. Tulichorithi kwake kilikuwa pamoja na uangalifu huo, na kama ningalihifadhi chuma nikautupa uangalifu, ningalikuwa mrithi mbaya.

Kutokana na haya nafikiri kwamba wajibu hukua pamoja na ujuzi. Aliyeunda gari mwaka wa 1965 kwa pampu ya chumba kimoja hakuwa mkosaji. Alifanya kama wengi wa wakati wake walivyofanya. Lakini mimi ninayeishi leo, ninayejua kuna pampu ya vyumba viwili, na niliyekwisha kuona pedeli ikigusa sakafu, siwezi kujificha nyuma ya mwaka wa 1965.

Mtu ataniuliza, “Wajibu huo una mwisho? Daima kuna kilicho bora zaidi. Je, umtupe kobe ununue gari jipya lenye kila kinga?” Hilo ni swali la haki. Nami najibu kwamba mambo matatu yapimwe pamoja: kwamba hatari inajulikana, kwamba dawa yake iko katika uwezo wa mtu, na kwamba watakaoumia ni watu wengine ambao hawakuulizwa. Yakikutana yote matatu, wajibu umefika, na kuahirisha ni kosa. Lisipokuwapo moja, mtu anaweza kujadiliana na dhamiri yake. Mathalani, redio iliyokufa katika gari langu haimhatarishi mtu, na imebaki imekufa hata leo.

Mwingine atasema, “Na maskini je? Mwenye gari moja linalomlisha, asiye na fedha za silinda mpya?” Namwonea huruma kwa dhati, na simlaumu kama ninavyojilaumu mimi niliyekuwa na mshahara. Ufukara hupunguza lawama, lakini haupunguzi kasi ya gari linaloteremka. Asiyeweza kutengeneza breki aweza kuliegesha gari, kukataa abiria, au kukopa kwa ndugu kabla hajakopa kwa roho za watu. Ni maneno machungu kuyasema, na ni machungu zaidi kuyasikia. Lakini mtoto anayevuka barabara pia ni maskini, na hana cha kujikingia ila uangalifu wetu.

Kazi ilichukua siku nne. Siku ya mwisho ilikuwa ya kutoa hewa katika mabomba, maana hewa, tofauti na mafuta, hukubali kushindiliwa, na pedeli yenye hewa huwa laini kama sifongo. Baba mdogo aliketi kwenye kiti cha dereva akikanyaga kwa amri ya fundi, nami nikashika chupa penye gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali zaidi na pampu, nikitazama mapovu yakitoka mpaka yakaisha. Kisha tukalijaribu gari katika uwanja mtupu kabla ya kulipeleka barabarani. Lilisimama pale nilipotaka lisimame, kwa mguu mmoja na mara moja. Kwa nje hakuna kilichobadilika hata kidogo, na mtu aliyeliona jana hawezi kujua kwamba leo ni gari jingine.

Pampu ya zamani sikuitupa. Iko juu ya kabati katika darasa langu, na kila mwaka naifungua mbele ya wanafunzi, nikawaonyesha ule mpira mdogo uliochakaa. Huwaambia kanuni ya Pascal; kisha huwaeleza kisa cha mto Gura, wala sijifichi. Wengine huniuliza kwa nini mwalimu ajiaibishe bure juu ya jambo lililokwisha vema. Huwajibu kwamba lilikwisha vema bila msaada wangu.

Msomaji kijana, siku moja utakabidhiwa kitu ambacho usalama wa wengine unakitegemea: huenda ikawa gari, au dawa, au hesabu za fedha, au daraja, au watoto wa watu. Utaona mahali panapovuja, na utakuwa peke yako wakati huo. Nakusihi usiongeze mafuta ukaenda zako. Yule mvulana wa Gura hajui hata leo kwamba nina deni lake. Nalilipa kwa kukagua breki zangu kila mwezi, na kila nimwonapo mtoto akinipungia mkono barabarani, nampungia na mimi, nikijua sasa kwamba ninastahili.